Nyama Niliyoifunika Kwenye Ndoo

Mumo,

Umeenda kunyoa, na najua ukitoka kwa kinyozi utapitia kuaga marafiki zako mmoja mmoja, kwa hivyo nina alasiri nzima. Nimekaa jikoni. Nimepata daftari lako la kidato cha pili lenye kurasa tupu nyuma, na ninaandika kwa sababu wiki hii kila nikifungua mdomo mbele yako sauti inapanda yenyewe. Umeniuliza mara mbili, "Mwaitu, mama yangu, nimekukosea nini?" Mara zote mbili nimeondoka bila kujibu. Sasa najibu.

Sitakuandikia juu ya kufua shuka, wala kuamka mapema, wala kuchagua watu wa kutembea nao. Umekuwa mtu mzima, umepata kazi, na chumba ulichopata kule Mlolongo ni chako. Ukitaka kuishi humo kama mbuzi ni shauri yako. Nataka kukuandikia juu ya nyama. Usicheke. Soma mpaka mwisho, ndipo uamue kama ni jambo la kuchekesha.

Jumamosi iliyopita ulinunua kilo mbili za nyama pale mjini Machakos ili tule pamoja kabla hujaondoka. Nia yako ilikuwa nzuri, nakubali. Ukaitia kwenye begi la mgongoni ikiwa kwenye karatasi ya bucha, ukapanda boda, ukapitia uwanjani kutazama mpira, ukafika hapa jua likizama, ukaiweka juu ya kabati na ukasahau kuniambia. Tuna friji, Mumo. Friji iko hatua tatu kutoka kwa hilo kabati. Jumapili tulipotoka kanisani ndipo nikaipata. Karatasi ilikuwa imelowa na kugandana na nyama. Nilipoibandua harufu ilinipiga usoni, uchachu wa maziwa yaliyosahauliwa, na chini yake kitu kikali kama mkojo wa ng'ombe. Nikaigusa, ikavuta uzi kidoleni. Nikakuita. Ukanusa, ukatabasamu, ukasema, "Si uioshe tu na chumvi na limau, mwaitu. Ikichemka sana itakuwa sawa."

Nilikufokea mpaka majirani wakatoka nje. Nikachukua jembe mwenyewe, nikaifukia nyuma ya choo, hata mbwa nikamnyima. Ulidhani nimekasirika kwa sababu umepoteza pesa yako. Nilikasirika kwa sababu maneno uliyosema yalikuwa yangu. Niliyasema mimi, karibu neno kwa neno, miaka kumi na minne iliyopita, na mtu akafa.

Ulikuwa na miaka minane susu alipofariki. Huyo mama wa baba yako ndiye aliyekulea nilipokuwa nikishinda shambani, na najua bado unamkumbuka. Wewe uliambiwa alikufa kwa ugonjwa wa sukari. Ulipokua ukasikia lile lingine, linalosemwa kwa sauti ya chini, kwamba Anti Ndinda, mke wa baba yako mdogo Kioko, alimtilia kitu kwenye uji. Hakuna aliyekueleza ukweli kwa sababu hakuna aliyeujua wote isipokuwa mimi na Ndinda.

Tulikuwa tunajiandaa kupokea wageni wa shangazi yako Mwikali. Watu wa upande wa mume wake walikuwa wanakuja na mbuzi wa ntheo, kufungua mazungumzo ya mahari. Mimi nimeolewa na mtoto wa kwanza wa kiume, kwa hivyo jiko la boma lile lilikuwa langu. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili na nilijiona sana. Wageni walikuwa wanakuja Jumamosi. Mtu mwenye akili angenunua nyama Jumamosi asubuhi. Mimi nilinunua Alhamisi, kwa sababu nilitaka kijiji kizima cha Kathiani kione paja zima la ng'ombe likishushwa nyumbani kwetu.

Nyama ilikuwa nzuri. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba muuza nyama alinipa kitu kibovu, na nilimchukia yule mzee bure kabisa. Ilikuwa nyekundu, kavu kidogo kwa juu, ukiibonyeza kwa kidole shimo linarudi, na ukiinusa husikii kitu ila ubaridi mdogo kama wa chuma. Nyama nzima huwa hivyo, karibu haina harufu. Susu aliniambia niikate vipande vyembamba, niitie chumvi na kuianika penye jua na upepo, jinsi wao walivyofanya kabla ya mafriji. Nikamwambia wageni wa siku hizi hawali nyama kavu. Nikaikata mapande makubwa, nikayashindilia kwenye ndoo ya plastiki ya lita ishirini, nikafunga kifuniko na kuweka jiwe juu ili paka asifungue. Jiko lilikuwa la mabati. Ilikuwa mwezi wa pili, na unajua mwenyewe mwezi wa pili hapa ulivyo. Niliifungia pale siku mbili nikiamini nimeihifadhi.

Jumamosi nilipotoa kile kifuniko nilirudi nyuma hatua moja. Maji yaliyotoka kwenye nyama yalikuwa mazito, yana povu pembeni. Karibu na mfupa nyama ilikuwa imeingia ukijani, na juu ilikuwa na ule mng'ao wa kuteleza ambao ukiosha unaondoka na ukikaa kidogo unarudi. Nilijua. Nataka uelewe hapo, Mumo, kwa sababu ndipo penye hasira yangu yote. Sikudanganyika wala sikukosea. Nilijua kabla hata sijainama kunusa.

Tulikuwa wanawake tisa jikoni, tukimenya viazi na kuchambua mchele. Ndinda alikuwa ameolewa miezi mitano tu. Alikuja na sufuria, akachungulia ndani ya ndoo, akasema kwa heshima, hata hakusema kwa sauti kubwa, "Mama Mumo, hii imeharibika. Mbuzi wanatosha. Tuimwage hii."

Wengine saba walinitazama. Ningekuwa peke yangu labda ningeimwaga. Nimelifikiria hilo miaka yote hii na bado sijui. Lakini nilikuwa mbele ya watu, na aliyesema ni msichana mdogo aliyeolewa juzi. Nikamwambia, "Kwenu mlizoea kula nyama, ndiyo unanifundisha? Ikioshwa na chumvi na limau, ikichemka sana, itakuwa sawa." Wale saba wakacheka. Ndinda akaweka sufuria chini na kurudi kwenye viazi.

Niliiosha mara tatu. Nikaikaanga na vitunguu saumu, tangawizi, pilipili na viungo vya pakiti mpaka hakuna pua ambayo ingejua. Wageni walikula mbuzi. Ule mchuzi wa ng'ombe tulikula sisi wa nyumbani, na susu tulimwekea vipande laini kwa sababu ya meno yake. Alimaliza bakuli. Akaniita, akasema, "Mama Mumo, mchuzi wa leo umenoga. Niongezee." Nikamwongezea. Kilichobaki kikakaa kwenye sufuria juu ya meko mpaka jioni, akala tena.

Usiku huo mimi, baba yako na wa nyumbani wengine wote tuliokula ule mchuzi tumbo lilitukata, na kila mtu akasema ni mafuta ya mbuzi. Kufikia Jumapili mchana sisi tulikuwa tumepona. Susu hakupona. Alitapika na kuhara mpaka hakuwa na kitu cha kutoa, na kwa sababu ya sukari yake mwili haukuwa na nguvu ya kushindana. Tulichelewa. Tulimpa maji ya chumvi na sukari, tukamwombea, tukasema kesho atakuwa afadhali. Jumatatu ndipo tulipompeleka hospitali. Daktari aliyekuwa zamu aliuliza alikula nini. Mimi ndiye niliyejibu. Nikasema nyama. Akauliza, "Ilikuwa imekaa?"

Nikasema, "Hapana. Ilinunuliwa asubuhi ileile."

Akaandika nilivyosema. Susu akafa Jumanne. Kama ukweli ungemwokoa sijui, na hakuna mtu atakayeweza kuniambia. Mwaka uliofuata nilimuuliza muuguzi mmoja aliyekuja kufundisha kikundi chetu cha akina mama, nikijifanya naulizia jirani. Nikamuuliza, nyama iliyooza ikichemshwa kwa saa tatu si inakuwa salama? Akaniambia moto unaua vijidudu vyenyewe, lakini kuna sumu ambayo vinakuwa vimekwisha kuiacha ndani ya nyama, na baadhi ya sumu hiyo haiogopi moto. Unaweza kuipika mpaka kesho. Aliyasema wazi kabisa mbele ya wanawake thelathini, na mimi nikaandika kwenye daftari kama mtu asiye na lolote rohoni.

Baada ya mazishi wazee wa ukoo waliketi. Kulikuwa na maneno. Susu na Ndinda walikuwa wamekosana kidogo kabla, juu ya kipande cha shamba ambacho Ndinda alitaka kupanda ndengu. Jumamosi ile alasiri Ndinda ndiye aliyempelekea susu uji. Na Ndinda peke yake, katika boma zima, hakuumwa tumbo. Mzee mmoja akamuuliza mbele ya watu, "Wewe kwa nini hukuumwa? Ulijua nini ambacho wengine hawakujua?"

Ndinda akasema, "Sikula ile nyama."

"Kwa nini hukula?"

Akanitazama. Mumo, alinitazama muda wa kutosha mtu kuhesabu mpaka kumi. Mimi nikatazama mikono yangu. Wale wanawake saba waliocheka walikuwa wamekaa palepale, na wote wakatazama chini kama mimi. Akasema, "Sikuwa na njaa." Hapo ndipo walipomhukumu. Hakuna aliyesema neno sumu kwa sauti, lakini tangu siku hiyo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyekula chakula kilichotoka mikononi mwake. Kioko akamhamishia kwenye kile kiplot cha karibu na barabara, yeye mwenyewe akaenda kutafuta kazi Mombasa na akawa anakuja Krismasi tu. Ndinda alijaribu kuuza maharagwe yaliyopikwa pale sokoni. Watu walikuwa wanavuka upande wa pili wa njia.

Nawe nilikufanyia jambo ambalo huenda umelisahau. Ulikuwa darasa la tatu. Ulikuja nyumbani na chapati uliyopewa na Ndinda, umeshakula nusu. Nilikupokonya nikawatupia kuku, nikakupiga kwa mwiko mpaka ukalia kwikwi, nikakuapisha kwamba hutakula tena kwake. Wale kuku waliila yote na kesho yake wakataga mayai. Nilijua hakuna kitu ndani ya ile chapati isipokuwa unga na mafuta. Nilikupiga ili watu wasikie nikikupiga.

Nikifika hapo nashindwa kukaa kitini. Nimeinuka, nimezunguka meza, nimerudi.

Basi ukiniona nakufokea kwa ajili ya kilo mbili za nyama, ujue ninayemfokea ni yule mwanamke wa ndoo. Lakini pia nakufokea wewe, usijifiche nyuma yake. Una miaka ishirini na miwili, umesoma kuliko mimi, una simu inayokujibu kila kitu, na bado ulinusa uozo ukacheka.

Kule unakokwenda huna friji. Kwa hivyo nyama kwako ni kitu cha siku moja, na ninaposema siku moja namaanisha saa zile unazotoka bucha mpaka unapowasha gesi. Nunua unga na nyanya kwanza, nyama iwe ya mwisho, halafu nenda nyumbani moja kwa moja. Usipitie mpira. Kwa joto la huko na vumbi la machimbo, saa moja au mbili nje inatosha kuanza kuiharibu, na haitakuambia mara moja. Harufu huja baadaye. Ukitoka kazini jioni utakuta bucha zimewasha taa nyekundu juu ya nyama, na chini ya taa ile hata kiatu kinapendeza. Toka nayo nje, au umulike kwa simu. Ukahawia kidogo kwa juu usikutishe, hewa tu inafanya hivyo. Ukijivu, ukijani, utelezi, kidole kikibonyeza shimo lisirudi, mrudishie mwenyewe. Na ukiikuta nyekundu kupita kiasi na nzi wote wa Mlolongo wanapita bila kutua, ondoka haraka zaidi, kwa sababu wako watu wanaopaka nyama dawa. Uliza mhuri wa mkaguzi uko wapi. Akikasirika, akasirike. Nusa mbele ya watu. Aibu ndiyo iliyonimaliza mimi, na mwenzako akikucheka kwa kunusa nyama, mwache acheke, wewe utalala salama.

Siku utakaponunua friji usidhani umemaliza. Nyama mbichi inakaa chini kabisa, kwenye chombo chenye kifuniko, ili maji yake yasidondokee chakula kingine. Ya kusaga, maini na matumbo usiyapitishe siku mbili. Ya vipande siku tatu, nne ukijikaza. Zaidi ya hapo gandisha, na ugandishe kidogo kidogo kiasi cha mlo mmoja, usigandishe gogo la kilo tatu halafu uliache juu ya meza tangu asubuhi liyeyuke. Yeyushia ndani ya friji. Stima ikipotea, usifungue fungue mlango kuchungulia. Ikipotea nusu siku, iliyokuwa haijaganda itupe hata kama hujasikia harufu, na ile iliyogandishwa iache tu kama bado ina barafu ndani. Ubao uliokatia nyama usikatie kachumbari kabla ya kuusugua kwa sabuni. Na mchuzi usilale juu ya meko. Susu alikula mchuzi uliokaa juu ya meko.

Ukiwa na shaka, tupa. Utaumia, utaona umetupa jasho lako. Tupa hivyo hivyo, na kama kuna mtu amekuambia mapema kwamba imeharibika, awe mdogo kwako, awe mgeni, awe mtu usiyempenda, mshukuru kwanza ndipo utupe.

Sasa nikuambie nimefanya nini wiki hii, kwa sababu utasikia kutoka kwa wengine na nataka uwe umesikia kwangu.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa Ndinda. Alikuwa amekaa nje akichambua maharagwe kwenye ungo. Hakuinuka. Alisema, "Umepotea njia?"

Nikamwambia sikupotea. Nikasimama pale juani, hakunipa kiti, nami sikuomba. Nikamwambia yote, ndoo, harufu, aliyoniambia, niliyomjibu, niliyomwambia daktari, na kwamba nilinyamaza wazee walipomuuliza. Nilikuwa nalia. Yeye aliendelea kuchambua maharagwe. Nilipomaliza akapepeta ungo, akapuliza makapi.

"Mama Mumo," akasema, "hayo yote nayajua. Nilikuwa pale."

Nikamuuliza mbona hakusema siku ile. Hapo aliweka ungo chini, na nikaona hasira ambayo sijawahi kuiona kwa mtu, ya miaka, iliyotulia kabisa. Akasema, "Nilisema. Nilisema jikoni kabla ya yeyote kula, na mkacheka. Ningesema tena baada ya mazishi, ungekubali?"

Nikayatazama maharagwe.

"Jibu. Ungekubali?"

Nikasema, "Nisingekubali."

"Basi ningekuwa mchawi na pia mwongo." Akaniambia binti yake Mbithe aliacha kwenda sherehe za ukoo akiwa na miaka sita, kwa sababu watoto wenzake walikuwa wakimwaga soda aliyoigusa. Akaniambia siku ambayo mama yake mzazi alikufa, ni watu wanne tu wa kwetu waliokwenda, na hawakunywa hata maji. Alisema hayo bila kupandisha sauti. Nilikuwa nimekuja na maneno ya kuomba msamaha, nimeyapanga njiani. Nikayasema. Akasikiliza yote, kisha akasema, "Umekuja kunieleza mimi jambo ninalolijua. Sikuhitaji kuelezwa mimi. Waeleze wao."

Nikamwambia nitawaeleza.

"Lini?"

"Jumapili hii. Baada ya kanisa."

"Wote?"

"Wote. Na katika wale saba, walio hai nitawataja kwa majina."

Akainua ungo wake. "Ukishasema," akasema, "ndipo utakapokuja nikupe kiti."

Baba yako nilimwambia Jumatano. Nilimwambia tukiwa shambani ili asinione usoni sana. Aliuliza swali moja tu, "Ndinda alikuambia kabla hujawasha moto?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Alikuwa mama yangu." Tangu hapo amekuwa akitengeneza matuta ya kuzuia maji kule chini, mahali ambapo hatujalima miaka mitatu, na anakuja kula akiwa amechelewa ili asile nami. Ndiyo maana hajacheka nawe wiki hii. Usimchukulie vibaya, hana neno nawe. Jana alinisemesha mara moja, akasema nikikubali, yeye yuko tayari kuyaacha haya yaishie hapa nyumbani, susu hatarudi, na wewe unaanza maisha. Nilimkatalia. Nilikasirika tena, naye sasa. Ni rahisi sana sisi wawili kuyaacha yaishie hapa. Hatukuwa sisi tuliokuwa tukimwagiwa soda.

Nilifikiri kukuzuia mpaka Jumatatu ili uwepo. Nimebadilisha mawazo. Hutakiwi kukaa pale ukiona mama yako akisimama mbele ya wazee, kisha ukaingia kazini siku ya kwanza na picha hiyo. Na sitaki uwepo wako unifanye nipunguze neno hata moja. Nenda kesho kama ulivyopanga.

Ila kabla hujapanda gari, shuka kwa miguu mpaka kwa Ndinda. Ni wewe niliyekuapisha, na ninaifuta hiyo ahadi leo kwa mkono wangu. Usimwombe msamaha kwa niaba yangu, huo ni mzigo wangu. Msalimie tu, mwambie unaondoka, na akikuwekea chochote, kaa ule. Mbithe yuko nyumbani wiki hii. Ana miaka kumi na tatu na hajui binamu yake ana sauti gani.

Sijui Jumapili itakuwaje. Huenda wakanifukuza kwenye kikundi. Huenda shangazi yako Mwikali asiniongeleshe tena, maana mazungumzo ya ndoa yake ndiyo yaliyomuua mama yake, na hajui. Huenda wale saba wakasema nimesingizia. Hata baba yako sijui atakaa upande gani wa kikao. Nimekaa na woga huu tangu Jumatatu na nimegundua kwamba hauniumi kama ule wa zamani, ule wa kuangalia mikono yangu.

Mimi ni mama yako, na ninakupenda hata ninapokufokea. Mtu wa Kathiani akikupigia simu wiki ijayo akuambie mama yako amechanganyikiwa, mwambie hapana, hajachanganyikiwa, amesema ukweli. Akikuuliza kwa nini hakusema zamani, usinitetee. Mwambie aliogopa kuonekana mbaya, na kwa miaka kumi na minne akamwachia Ndinda ubaya wake aubebe.